Pigo la ngoma lilikuja sekunde saba kabla ya mlango

Katika filamu ya kwanza niliyoitungia muziki kuna mahali kijana anamuaga mamake, anashuka ngazi za nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, mama anabaki dirishani, kisha mlango wa chini unajifunga kwa kishindo. Mlango ule niliutungia pigo moja zito la ngoma na baada yake kimya. Siku ya onyesho la majaribio, pigo likaja kijana yuko katikati ya ngazi bado. Watu wakageuza shingo, wakidhani kuna kitu kimeanguka ukumbini. Sekunde saba baadaye mlango ukajifunga, mkavu, bila chochote. Nilikuwa safu ya nyuma, mkoba mapajani, mikono imekufa ganzi. Jioni ile ndiyo mara ya kwanza watu kusikia kazi yangu ya miezi minne.

Naandika kwa sababu kuna vijana wanaonijia kuniuliza wataingiaje katika kazi ya kutunga muziki wa filamu, na karibu wote huanza na kompyuta: ninunue ipi, programu ipi, spika zipi. Mimi kompyuta haikuniumiza. Nimeumizwa na mambo ambayo sikuyauliza mapema, na mengi yake yangejibiwa kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Nimezaliwa Majengo. Nikiwa na miaka 15 nilianza kupiga kinanda kwenye harusi, katika kikundi cha mjomba wangu. Watu wa rika langu Mombasa tumekulia kati ya sauti mbili, upande huu Zein l'Abdin na udi wake, ile ala ya nyuzi ya taarab, na upande ule mwimbaji Juma Bhalo, ambaye nyimbo zake nyingi zilivaa tuni za filamu za Kihindi. Kwa hiyo kichwani mwangu muziki wa filamu ulikuwa ni wimbo: hadithi inasimama, mtu anaimba, hadithi inaendelea. Muziki unaopita chini ya mazungumzo sikuwahi kuufikiria kama kazi ya mtu. Isitoshe, harusini kuna kanuni moja tu kwa mpiga kinanda. Usinyamaze. Ukinyamaza kidogo, akina mama wanarudi kwenye viti vyao, na kuwainua tena ni shughuli. Kila mwanya nilifunzwa kuuziba. Tabia hiyo nilikwenda nayo kwenye filamu, na ndiyo iliyonigharimu zaidi ya yote.

Mwongozaji alinikuta harusini Kibokoni. Akangoja tupumzike, akaja nyuma ya jukwaa: "Dada, wewe ndiye ninayekutafuta." Filamu yake ilikuwa ya dakika 84, ya mama anayemngoja mwanawe aliyeajiriwa melini. Siku ya pili tukakaa barazani, tukanywa kahawa chungu na kashata, tukakubaliana shilingi 60,000: 20,000 mwanzo, 20,000 nikikabidhi kazi, 20,000 baada ya onyesho. Tukapeana mikono. Hakuna aliyeandika neno. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba suala la karatasi lingeonekana kwangu kama kumtukana mwenzangu.

Hesabu ya matumizi naitoa wazi, kwa sababu mimi hakuna aliyenitolea. Maikrofoni mbili za mtumba, 22,000. Betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea, 11,000. Diski ya kuhifadhia, 7,500. Mpiga udi, 10,000 kwa siku mbili. Zumari na ngoma, 6,500. Tuktuk, matatu na bando, kama 6,000. Jumla 63,000, kwa kazi ya 60,000, na kompyuta nilikuwa nayo tayari. Pesa ya kuanzia haikutosha, nikauza bangili ya dhahabu aliyoniachia nyanya yangu. Mamangu hakusema kitu nilipomweleza. Alinitazama tu mkono.

Kosa la kwanza lilianza siku filamu iliponifikia. Mhariri wa picha alikuwa ameshaiwekea muziki wa muda, okestra kubwa kutoka filamu za Marekani, ili apate mwendo wa kukatia. Hiyo ni desturi ya kazi hii kila mahali na haina ubaya wake. Ubaya ni kwamba mwongozaji alikuwa ameishi na muziki ule miezi mitatu, ameuzoea kama anavyoizoea sauti ya mkewe. Wiki tano nikawa najaribu kuufuata kwa fidla za kompyuta. Kila nikituma, jibu lilikuwa moja: "Karibu, dada, lakini bado." Usiku silali, asubuhi nafuta nilichofanya usiku.

Siku nilipochoka ndipo nilipomuuliza swali nililopaswa kuliuliza siku ya kwanza: kitu gani hasa unachokipenda pale? Akafikiri sana. Akasema, "Muziki ule unachelewa kuingia. Kijana anaondoka, na muziki bado haujaja." Basi. Haikuwa okestra, haikuwa fidla. Wiki tano nilikuwa nafukuza sauti, na mwenzangu alikuwa anapenda kungoja.

Siku hizi naomba nakala isiyo na muziki wowote, yenye mazungumzo tu, na naitazama nzima mara mbili kabla ya kusikia ule muziki wa muda. Mwongozaji akitaka niusikie, nausikia naye tukiwa pamoja, nikimuuliza papo hapo: ni mwendo, ni uzito, ni chombo, au ni pale unapoingia?

Baada ya hapo nikaamua kuachana na fidla za kompyuta na kumtafuta mpiga udi. Nilimjua mzee mmoja wa Mji wa Kale, miaka yake sabini na ushei, ambaye mjomba alikuwa akimwita mwalimu. Alikubali kwa sharti kwamba turekodi kwake, chumba cha ghorofani, kwa kuwa ngazi zilimshinda na hakutaka kuzipanda mara mbili kwa siku.

Usiku wa kwanza wa kurekodi nataka kuueleza kwa kirefu. Mchana huwezi kurekodi pale: tuktuk, watoto, televisheni ya jirani, mtu anapiga nyundo. Tulianza saa sita usiku. Dirisha nikaliziba kwa godoro, mlango kwa mablanketi mawili, feni nikaizima kwa sababu mlio wake maikrofoni huumeza kama chakula. Baada ya robo saa chumba kilikuwa tanuri. Jasho lilikuwa likimtoka mzee kwenye kidevu likidondokea ubao wa udi, naye kila mara analifuta kwa kikoi. Unyevu wa pwani na joto lile vililegeza nyuzi. Udi wake ulikuwa na nyuzi 11, jozi tano na moja ya besi peke yake, na kila baada ya dakika kumi aliziweka sawa upya moja moja, bila haraka, wakati mimi nahesabu saa. Panga muda wa kukaza nyuzi ndani ya ratiba yako. Mimi sikuupanga, na nikawa naona kama anachelewesha kazi.

Nilikuwa nimesoma kwamba Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, alirekodi muziki wa filamu ya kwanza ya mwongozaji Satyajit Ray, iliyotoka 1955, kwa kikao kimoja cha usiku kucha. Nikajipa moyo kwamba nasi tutamaliza usiku mmoja. Sisi tulihitaji nyusiku mbili, kwa sababu saa nane stima ilipotea, betri nilikuwa nimeichomeka kompyuta tu na kukisahau kifaa cha kurekodia, na dakika arubaini za kazi zikaenda. Angalia kila kitu kinachobeba sauti kina umeme wake wa akiba. Si kompyuta peke yake.

Nilimpa hedifoni asikie mdundo wa kuhesabu, ule mlio wa tiki tiki unaomfungia mpigaji kwenye mwendo. Akaivaa, akasikiza, akaivua. "Mwanangu, hiki chanihimiza niende wapi?" Akataka kuona picha. Nikaigeuza kompyuta. Akamtazama yule mama dirishani mara tatu bila kuugusa udi. Kisha akapiga noti nne, akaacha. Mimi, kwa mazoea ya harusini, nikaingia na kinanda kuujaza mwanya. Akaziweka nyuzi kiganja, sauti ikafa.

"Wapiga vyema," akasema, "lakini husikizi. Huyu mama asikiza hatua za mwanawe kwenye ngazi. Sote tukipiga, atazisikiaje?"

Nilimwitikia, "Naam, mwalimu." Nilifika nyumbani nikaweka kinanda vilevile, na pigo la ngoma juu yake. Nilimheshimu kwa mdomo tu.

Kuna jambo jingine la udi ambalo lilinipotezea siku nne. Shingo yake haina vikingo vya kutenga noti kama gitaa, na baadhi ya maqamu ya taarab, yaani mipangilio yake ya noti, yana noti zinazokaa katikati ya noti mbili za kinanda. Nilikuwa nimetangulia kurekodi kinanda, ndipo udi ukaja juu. Mahali fulani vikagombana vibaya, mzee yuko sahihi na kinanda kiko sahihi, lakini pamoja ni uchungu masikioni. Sasa narekodi udi kwanza. Kinanda kinafuata, na kwenye noti zile za katikati ama nakiacha kimya au naibadilisha noti yake ndani ya programu.

Nirudi kwenye mlango. Filamu ilikuwa imepigwa kwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Nakala niliyotumiwa ilitolewa kwa fremu 25, kiwango kilichozoeleka kwenye televisheni za kwetu, na fremu zilikuwa zilezile bila kuongezwa hata moja. Maana yake filamu yote ilikuwa inakimbia kwa asilimia 4 hivi. Sehemu ya ngazi, ambayo kwenye filamu halisi ni dakika 3, kwangu ilikuwa sekunde 172 na kitu. Ndizo sekunde saba zile. Mwanzo wa kila kipande mhariri aliuweka mahali pake kwa jicho, kwa hiyo vile vifupi vilionekana sawa, virefu vikapotea mwishoni, na hakuna aliyegundua mpaka ukumbini.

Kinachoniuma ni kwamba masikio yangu yalikuwa yameniambia. Picha ikikimbizwa hivyo pamoja na sauti yake, sauti za watu hupanda juu kwa kiasi kisichofika nusu toni. Niliona sauti ya yule mama ni nyembamba. Nikadhani ni hedifoni yangu rahisi, nikaendelea.

Kwa hiyo kabla ya noti ya kwanza, mwombe mhariri akuandikie idadi ya fremu kwa sekunde. Omba nakala yenye saa inayotembea juu ya picha, na mlio mfupi sekunde 2 kabla ya picha ya kwanza, ili mwanzo wenu uwe mmoja. Kisha pima urefu wa filamu kwako na umuulize urefu kwake. Mkitofautiana hata sekunde moja, simama hapo hapo. Na uliza kama picha imefungwa kweli, yaani haitakatwa tena. Mimi niliambiwa imefungwa, kisha ikakatwa upya mara nne, na kila mara vipande vyangu vyote vikahama.

Baada ya onyesho mwongozaji hakunigombeza. Alikuja nyumbani siku ya pili na kompyuta yake, tukakaa kutwa nzima, kipande baada ya kipande. Nilikuwa nimetunga dakika 52 za muziki ndani ya dakika 84. Tulipomaliza zilibaki 27. Kila tulipofuta, nilihisi kama mtu ananitoa kitu mwilini, na kwenye ile sehemu ya ngazi nilitoka nje nikaenda kusimama uani. Niliporudi aliniachia niifute mwenyewe. Nilitoa ngoma. Nikatoa kinanda. Zikabaki noti nne za mzee, kisha hatua za kijana, na mlango.

Muziki ule uliokolewa na kitu kimoja nilichokifanya sawa: makundi ya sauti nilikuwa nimeyatoa mbalimbali, udi peke yake, ngoma peke yake, kinanda peke yake, kwa kiwango cha ubora cha sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24. Ningetoa kila kipande kikiwa kimechanganywa tayari, tungelazimika kumrudisha mzee. Na kila faili nilikuwa nimelipa jina kwa mtindo wa kazi hii, namba ya sehemu ya filamu, herufi M, kisha namba ya kipande, kama 3M2. Jipe nidhamu hiyo hata kama filamu ni ya dakika tano.

Malipo ya mwisho yalikuja kwa M-Pesa vipande vipande, miezi mitano. Hayo niliyavumilia. Lililonivunja lilikuja baadaye.

Mzee alinipigia simu asubuhi moja. "Mwanangu, nausikia udi wangu kwenye televisheni." Nilidhani ni filamu inaonyeshwa. Ilikuwa tangazo la hoteli. Noti zile nne, za mama dirishani, zinapita juu ya bwawa la kuogelea. Mtayarishaji wa filamu alikuwa ameuuza muziki bila kutuambia. Nikaenda kwa wakili nikiwa na hakika kwamba haki iko kwangu. Akanifungulia Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 na kunisomea taratibu: kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pawe na makubaliano kati yenu yanayosema vingine. Akauliza, "Makubaliano yako yako wapi?" Nikakumbuka kahawa na kashata.

Njiani kurudi nilikaa Mama Ngina, kando ya bahari, nikatazama meli zikiingia mpaka magharibi. Nilikuwa namkasirikia mtayarishaji, kisha nikatambua kwamba nami mzee sikumwandikia chochote. Tuni ilikuwa yake. Nilimlipa usiku mbili, nikaweka jina langu kama mtunzi peke yangu, na sikumuuliza. Nilikwenda kumwambia hivyo. Alisikiza mpaka mwisho, akasema, "Basi sasa wajua," akaniitishia chai. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Sasa nina karatasi ya ukurasa mmoja, iliyoandikwa na yule wakili kwa 5,000, na sigusi kinanda kabla haijatiwa saini. Inasema muziki unatumika katika filamu hii na matangazo ya filamu hii tu, kwingine tuzungumze upya. Inasema hakimiliki inabaki kwa watunzi, na inawataja. Inasema nusu ya malipo inatangulia, marekebisho ni mara tatu, na ya nne inalipiwa. Inasema wapigaji wanalipwa kutoka mfuko tofauti na ujira wangu, hiyo ndiyo dawa ya 63,000. Mwongozaji mwema hakasiriki ukimpa karatasi, nami nimeona kwamba anayekasirika huwa ameshakusudia jambo. Mkabidhi pia orodha ya vipande vyote: jina la kipande, watunzi, urefu kwa sekunde, na mahali kilipo kwenye filamu, kwa sababu mirabaha ya televisheni, yaani malipo ya kazi yako kutumika, hufuata orodha hiyo. Kazi ikikamilika naisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Na usishtuke malipo yakikufikia yamekatwa asilimia 5, hiyo ni kodi ya zuio, dai stakabadhi yake.

Filamu ya pili ilikuja baada ya mwaka na nusu, kwa 180,000. Nilimwomba mwongozaji wake ruhusa ya kutunga kabla picha hazijapigwa. Mtunzi Ennio Morricone wa Italia alifanya hivyo na mwongozaji Sergio Leone, muziki ukawa unachezwa pale pale waigizaji wakifanya kazi. Akakubali kujaribu tuni mbili. Nikapanda ngazi zile za Mji wa Kale na karatasi mbili mkononi, moja ya mtayarishaji, nyingine baina yangu na mzee, utunzi nusu kwa nusu.

Alivaa miwani. Alisoma mstari wenye jina lake mara mbili, kidole kikifuata. Akauliza kama nusu ile itakufa naye. Nikamwambia sheria ya Kenya inaupa utunzi wa muziki maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na nusu yake itakwenda kwa wanawe. Alinyamaza, naona akiwahesabu wajukuu kwa midomo. Akatia saini kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani, akaipuliza wino ikauke. Kisha akanyoosha mkono kuufikia udi.

"Haya," akasema. "Hiyo picha yenyewe yaonekanaje?"

Nikamwambia bado haijapigwa. Nikazima feni, nikaanza kumsimulia.